Mstari wa Saa Nane

Kitu cha kwanza alichofanya Luka baada ya kufungua kibanda cha vipimo kilikuwa kujaza daftari.

Inspekta Tausi alimwona. Walikuwa wamefika pamoja kutoka Tanga mjini kwa Land Rover ya polisi: yeye, Konstebo Zebedayo kwenye usukani, na Luka nyuma, amepakata kifuko cha betri. Saa ya mkononi ya Tausi ilisema saa tano na robo. Luka alivuta kiti, akafungua daftari kubwa la jalada jeusi, akaandika mistari mitatu ya tarakimu bila kusita. Akachungulia jedwali lililobandikwa ukutani, akachukua chaki, akaandika ubaoni: IJUMAA. SHWARI HADI SAA 10. KUPANDA RUHUSA.

"Samahani, afande," alisema, akipangusa vidole kwenye suruali. "Kazi haifi na mtu. Dokta angetaka hivi."

"Nionyeshe karatasi ya Jumanne."

Luka aliikunjua mezani, akabana ncha moja kwa kikombe cha bati na nyingine kwa betri iliyokufa. Ilikuwa karatasi ndefu yenye upana wa kiganja, na kalamu ya mashine ilikuwa imepita juu yake kwa wino wa buluu. Alfajiri ya Jumanne mstari ulikuwa na vinyweleo vidogo. Kuelekea adhuhuri ulipanda, ukawa meno ya msumeno. Kisha, mahali Luka alipoweka alama ya penseli ya saa nane na dakika kumi, ulianguka hadi chini ukalala. Ulilala shubiri nzima. Saa tisa na dakika tano ukaamka tena.

"Hapo," Luka alisema. "Sifuri. Karibu saa nzima hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Na Dokta alianguka humo ndani."

Hilo halikuwa na ubishi. Mwalimu wa shule ya Tongoni alimwona Sadalla, mlinzi wa mlingoti, akiingia uwanjani mbio saa tisa kasorobo, anahema, anapiga kelele kwamba Dokta Aliraza ameanguka. Kutoka hapa rasini hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu anayekimbia. Dokta Aliraza Esmailji, mhandisi, mwenyeji wa Tanga, miaka arobaini na mbili, alikuwa amepanda mlingoti wa futi tisini kukwamua vikombe vya kupimia upepo vilivyoshikwa na kutu. Sadalla alisema dhoruba ya ghafla ilimng'oa. Karatasi ilisema hapakuwa na upepo. Na watu sita walikuwa wamemsikia Dokta akimgombeza Sadalla siku moja kabla, akimwambia atamfukuza kazi.

Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa hakuhitaji zaidi. "Mashine haina shemeji," alimwambia Tausi asubuhi ile. "Wanakijiji wawili wanasema upepo ulikuwepo, watatu wanasema wa kawaida tu. Karatasi inasema haukuwepo. Saa tisa nataka jalada. Mtu wako asomewe shtaka leo."

Shtaka la kuua halina dhamana. Sadalla alikuwa na miaka sitini na moja, na tangu Jumatano hakuwa ametia chakula kinywani. Tausi alikuwa ameshawaona wazee wanaoingia mahabusu hivyo. Hawakuwahi kufika kwenye hukumu.

"Nieleze mashine hii inaonaje," alisema. "Taratibu. Mimi nimesoma mapishi na sheria tu."

Luka alicheka kidogo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, fundi sanifu, shati limepigwa pasi ya mkaa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisimama mlangoni akaonyesha kwa kidole.

"Kule mbele, kwenye nguzo ya kwanza, kuna taa. Hapa, kwenye nguzo hii ya karibu, kuna jicho. Ni kioo, nyuma yake kuna kitu kinachohisi mwanga. Jicho halijali jua, linaitambua taa yake tu. Kati yao ni hatua mia na hamsini. Hewa ikipita katikati, mwanga unatetemeka. Upepo ukiwa mkali, mtetemeko unakuwa mwingi. Kalamu inaandika mtetemeko."

"Na upepo usipokuwepo kabisa?"

"Basi mtetemeko mdogo tu. Unajua barabara ya lami mchana, inavyochezacheza machoni? Ni joto hilo. Hewa ikiwa na joto haiachi mwanga utulie." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayemsifia ndugu yake. "Dokta aliiunda mwenyewe. Ulaya wanayo, ila kwa Afrika Mashariki ni yeye. Kutokana na jicho hili na vipimo vya saa moja asubuhi alikuwa anautabiri upepo muda wa saa tisa nzima kabla haujafika. Alisema siku moja Tanga itawashwa kwa upepo, na mtu wa mitambo atajua asubuhi umeme wa jioni utakuwa kiasi gani."

"Vipimo vya saa moja nani anavichukua?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Nje, nyaya zilizoushikilia mlingoti zilitoa sauti nyembamba, kama mtu anayeanza kuimba akajizuia. Zebedayo, aliyekuwa ameegemea Land Rover, aliondoka pale akaenda kuegemea upande wa pili.

"Sipendi kile kitu, afande," Zebedayo alimwambia Tausi alipotoka. "Kinaongea. Halafu mafuta ya kurudi yapo, ya kukaa hapa mpaka jioni hayapo."

"Kakae na Luka. Asiguse karatasi. Muulize habari za mpira."

"Mimi shabiki wa Coastal, yeye sijui wa nani. Tutagombana."

"Gombaneni."

*

Nyumba ya mlinzi ilikuwa hatua thelathini nyuma ya kibanda, ya udongo na makuti. Bi Asmahani, mke wa Sadalla, alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani akifunga karanga. Alipomwona Tausi mikono yake ilisimama, lakini hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu anakula?"

Tausi alivua viatu, akakaa. "Anakunywa maji."

"Basi hali." Mikono ilianza tena kufunga. "Sukari wanasema imerudi madukani tangu walipofungulia biashara, lakini huku haijatufikia. Sina cha kukupa ila karanga. Chukua. Nauza pale shuleni."

"Mama, nimekuja kukuuliza mara ya tatu. Jumanne, Dokta alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nimeshasema."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia zile waya zinalia. Nikasikia mume wangu anaita, teremka Dokta, teremka. Halafu nikasikia kishindo."

"Waya zinalia maana yake upepo ulikuwepo."

"Si ndivyo nilivyosema? Mkaandika, mkanambia mke hawezi kusema kingine."

Hilo lilikuwa kweli, na aliyemwambia hivyo alikuwa Mkuu mwenyewe. Tausi alikula karanga mbili. Bi Asmahani alikuwa anamtazama mdomoni, kisha machoni, kisha nyuma ya bega lake, kuelekea baharini. Tausi aligeuka. Upande wa Pemba palikuwa na wingu la rangi ya bati kuukuu. Lilikuwa mbali. Lilipokuwa likitazamwa lilinguruma, chini kwa chini, kama pipa linalobingirishwa ghorofani.

Bi Asmahani alishika upindo wa kanga yake.

Kilikuwa kitendo kidogo. Mkono ulishika kanga ukaivuta nusu kutoka begani, na miguu ikajikusanya tayari kusimama. Kisha akakumbuka mgeni aliyeko mbele yake, akaketi tena. Karanga zikamwagika mkekani.

Tausi alimsaidia kuziokota. Kupitia mlango aliona chumba: kitanda cha kamba, sanduku, na ukutani kitu cha duara kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Kile ni kioo?" aliuliza.

"Kioo."

"Umekifunika."

"Imenguruma tangu alfajiri."

Nyanya yake Tausi, kule Pangani, alikuwa akifanya hivyo hivyo. Radi inapenda kioo. Mawingu yakianza kusema, vioo vyote vya nyumba vinafunikwa au vinageuzwa ukutani, na mtoto anayejitazama anapigwa kofi. Tausi hakuwa amelikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi. Alikumbuka sasa, na vidole vyake, vilivyokuwa vinakunjua kikaratasi cha karanga, vikasimama.

Kikaratasi kilikuwa na upana wa kiganja. Kilikuwa na mistari ya kijivu iliyochapwa, na juu yake wino wa buluu. Wino ulishuka wima, ukalala, ukaenda mbele umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Pembeni paliandikwa kwa penseli: *4 Machi. Jicho limezibwa. Si shwari, ni upofu. Kata, tupa. L.*

Aliyasoma maneno hayo mara mbili.

"Mama, karatasi hizi unazipata wapi?"

"Kwa Luka. Mabaki, zilizoharibika. Dokta alikuwa hataki kuziona, basi Luka ananikatia mimi. Nzuri, hazichafui karanga. Gazeti siku hizi utalipata wapi?"

"Unazo nyingine?"

Alizileta kutoka ndani, kifurushi kilichofungwa kwa ukili. Tausi alizipanga mkekani. Zilikuwa saba. Februari tatu, Machi nne. Kila moja ilikuwa na mstari ulionyooka, bila kinyweleo, na kila moja ilikuwa na maneno yale yale ya Luka. *Jicho limezibwa.* Moja ilikuwa na neno la ziada: *tena.*

Tausi alitoa mkobani nakala ya karatasi ya Jumanne, aliyoichora mwenyewe kwa mkono, akailaza kando. Hakuhitaji kupima.

"Mama," alisema, na aliishusha sauti bila kupanga. "Ndani umefunika kioo chako. Na kile cha pale nguzoni?"

Wingu lilinguruma tena, karibu zaidi kidogo, na safari hii Bi Asmahani alifumba macho.

"Nikisema watanifunga na mimi."

"Usiposema watamfunga yeye."

"Wewe hujui." Alianza kulia bila sauti, machozi yanateremka tu. "Kioo kile kikubwa kama sahani, kinatazama bahari, kimewekwa wazi. Kila ikinguruma nilikuwa naona kinaiita radi ije hapa nyumbani. Nikawa nakwenda nakitupia kanga. Ikipita naitoa. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Dokta akaanza kusema kuna mtu anagusa jicho lake. Jumatatu akamgombeza mume wangu mbele ya watu, na mume wangu anaapa wallahi sikugusa, na mimi nimesimama pale mlangoni nimenyamaza. Nikasema sitarudia."

"Na Jumanne?"

"Jumanne Dokta alikuwa ameshapanda. Kule juu kabisa. Ikanguruma. Nikamwona yuko juu ya chuma, na kioo kiko chini kinaita. Nikasema huyu mtu atapigwa. Nikakimbia nikakifunika. Kwa ajili yake yeye, mwanangu. Nikaingia ndani." Alishika kifua. "Hata dakika kumi hazikupita upepo ukaja. Nilifumba jicho lake, akaanguka. Mimi ndiye niliyemuua."

"Jicho halikuwa linamshika, mama. Linatazama tu."

"Wewe umesoma."

"Nimesoma mapishi," Tausi alisema. Alimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki. "Sikiliza. Nataka ukafanye tena. Sasa hivi. Zebedayo atasimama na wewe. Nikiinua mkono dirishani, funika. Nikiuinua tena, funua. Ni hivyo tu."

"Na ikinguruma?"

"Fanya nilivyokwambia."

*

Kalamu ilikuwa inakwenda mbio wakati Tausi aliporudi kibandani. Mstari ulikuwa na meno marefu. Luka alikuwa amekaa mbele yake, mikono katikati ya mapaja, na hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa anatazama dirisha la upande wa bahari.

Zebedayo alitoka. Tausi alisimama karibu na dirisha lingine, akahesabu hadi sitini, akainua mkono.

Kalamu ilianguka. Ilifanya *tik*, ikalala chini ya karatasi, ikaanza kuchora mstari ulionyooka.

"Nini hicho?" Tausi aliuliza.

"Jicho limezibwa," Luka alisema.

Alisema upesi, kama mtu anayeitikia jina lake. Kisha akasikia alichosema.

Tausi aliinua mkono tena. Kalamu ikaruka. Aliivuta karatasi ya Jumanne, akaiweka kando ya hii mpya, na juu yake akaweka kikaratasi cha karanga, bado kina maganda mekundu.

"Tarehe nne Machi uliandika si shwari, ni upofu. Ya Jumanne umeniambia hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Umeandika upofu mara saba kwa mkono wako. Mara ya nane ukasahau?"

"Nilikuwa na huzuni, afande. Nilimkuta amelala pale. Nilikosea."

"Ulikosea Jumanne. Jumatano ukaandika maelezo ukatia sahihi. Asubuhi hii ukayarudia."

"Nilikosea," alirudia. "Basi mtoeni mzee. Nimekosea, yaishe."

Lilikuwa jibu zuri. Tausi alijua Mkuu angelipenda: fundi aliyekosea kwa huzuni, mke anayedai kufunika kioo. Angesema mke amefundishwa. Angesema karatasi iliyozibwa haisemi upepo ulikuwepo, inasema tu haijulikani, na ugomvi wa Jumatatu uko pale pale. Saa ilikuwa saba na dakika hamsini. Kutoka hapa hadi mjini, barabara ile, si chini ya dakika arobaini.

"Zebedayo," aliita. "Njoo useme habari za Muheza."

Konstebo aliingia, akavua kofia. Bi Asmahani alibaki nje, kando ya nguzo.

"Jana nilikwenda Muheza, afande, dukani kwa Khatijabai. Yule mama anazo betri kubwa tangu mwezi uliopita, lakini foleni yake si mchezo. Anakuandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, usinawe mpaka ufike dirishani. Jumanne duka lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Bwana Luka alikuwa namba tatu. Namba moja mpaka kumi walilala barazani kwake. Anakumbuka kwa sababu bwana Luka alimwomba mkeka."

"Tongoni hadi Muheza," Tausi alisema. "Muda gani kwa gari?"

"Gari likipatikana? Saa mbili na nusu, ukiwa na bahati."

Tausi alifungua daftari la jalada jeusi, ukurasa wa Jumanne. *Saa 1.00 asubuhi.* Joto, mgandamizo wa hewa, kasi ya upepo. Tarakimu nzuri, mwandiko safi, hakuna palipofutwa.

"Ulisomaje vipimo hapa saa moja, nawe umelala Muheza na namba kiganjani?"

"Khatijabai ni mzee. Amechanganya siku."

"Na ya leo?" Tausi aligeuza ukurasa. "Saa moja asubuhi leo ulikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi, unanisubiri. Tumekuja gari moja. Umeingia hapa saa tano na robo, hujatazama kipimo hata kimoja, umeandika saa moja. Mbele yangu. Kama mtu anavyovua viatu mlangoni."

Luka alitazama daftari kana kwamba ni mtu mwingine aliyeandika. Tausi aliona kwamba kweli hakuwa amejua. Mkono ulifanya wenyewe.

"Leo tu," alisema. "Leo nilikisia."

"Na utabiri?"

"Utabiri uko sawa. Msimu huu unafanana. Ni shwari hadi saa kumi."

Zile nyaya ziliimba, safari hii hazikujizuia. Zebedayo alipiga hatua mbili kutoka ukutani.

"Vizuri," Tausi alisema. "Vikombe vya juu bado vimekwama. Umeandika kupanda ruhusa. Twende ukavikwamue."

*

Chini ya mlingoti palikuwa pamefagiliwa. Mtu alikuwa amemwaga mchanga mpya juu ya mahali Dokta alipoangukia, na mchanga huo ulikuwa mweupe kuliko mwingine.

Luka alitazama juu. Ngazi ilikuwa ya nondo zilizochomelewa, nyembamba, na kule juu ilikuwa kama uzi. Wingu lilikuwa limefika nusu ya anga. Upande wa nchi kavu bado kulikuwa na jua.

"Panda," Tausi alisema.

"Kuna wingu."

"Wingu tumeliona wote tangu saa tano. Ukaandika shwari. Siku ya Jumanne, Dokta alitazama wingu au alitazama karatasi?"

"Alitazama karatasi." Sauti ya Luka ilikuwa ndogo. "Siku zote anatazama karatasi. Alisema macho ya mtu yanadanganya."

"Basi nawe tazama karatasi. Panda."

Luka alishika nondo ya kwanza, akaweka mguu. Kiatu chake kilikuwa kinatetemeka juu ya chuma, kinafanya sauti. Alipanda hatua moja. Akapanda ya pili.

Tausi hakuwa amefikiri kwamba Luka atapanda. Kama kijana atafika juu na upepo ukaja, yeye Tausi atakuwa ameua mtu kwa ajili ya kuthibitisha jambo, na hakutakuwa na karatasi ya kumtetea, wala hastahili moja. Alifungua kinywa kumwambia ateremke. Hakumwambia. Alihesabu: akifika nondo ya tano namshika mguu. Ya tatu. Luka aliikumbatia ngazi kwa mikono miwili, shavu juu ya chuma, macho yamefumbwa. Mguu ulipapasa nondo ya nne, ukaigusa, ukarudi.

"Sipandi," alisema.

"Kwa nini? Namba zako zinasema shwari."

"Sipandi, afande. Nimezitoa kichwani. Nimezitoa kichwani, unajua nimezitoa kichwani."

"Na za Jumanne?"

"Na za Jumanne."

Tausi alimshika kiuno, akamteremsha kama anavyoteremshwa mtoto. Luka akakaa kwenye mchanga mweupe. Alipogundua alipokaa alijisogeza kwa makalio hadi mahali pengine.

"Tangu lini?" Tausi aliuliza. Zebedayo alikuwa ameshatoa kijitabu na penseli.

"Tangu mwaka juzi." Alikuwa anajifuta pua kwa mkono wa shati. "Mwanzoni nilisoma kila siku, naapa. Kisha maisha yakawa foleni. Foleni ya mchele, foleni ya mafuta ya taa, foleni ya betri za mashine yenyewe. Siku moja nikachelewa, nikaandika za kubuni. Ule utabiri ukatokea sawasawa. Dokta akanishika bega akaniambia Luka, leo umenisomea vizuri. Siku niliyobuni ndiyo aliyonisifu. Nyingine zikiharibika, alidhani kosa ni la hesabu zake. Alikuwa hapati usingizi, anatafuta kosa kwenye hesabu. Na mimi nakaa pembeni yake."

"Na Sadalla?"

Luka alichota mchanga kiganjani, akaumwaga.

"Ulimkuta Dokta amekufa kwa utabiri wako. Ukaingia kibandani ukakuta mstari umelala."

"Sikuulaza mimi."

"Hapana. Uliukuta umelala, ukajua ni upofu, ukasema ni shwari. Utabiri wako ukawa kweli, na mzee akawa muuaji. Ungemwacha anyongwe?"

"Nilisema watamwachia. Kila siku nasema kesho watamwachia." Alimtazama Tausi usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Ninyi ndio wenye kuchunguza, afande. Nilikuwa nawasubiri mwone."

Kisha upepo ukafika. Ulikuja bila hatua za mwanzo, kama mlango uliopigwa teke. Kofia ya Zebedayo iliondoka, mchanga ukawapiga usoni, na nyaya zikapiga yowe moja refu ambalo Tausi alilisikia kwenye meno. Mlingoti uliyumba. Kule juu kitu cha chuma kiligonga chuma, mara tatu, mara nne, pale ambapo Luka angekuwa.

"Saa ngapi?" Tausi alipiga kelele.

"Nane na dakika tatu!"

"Iandike! Mtie garini, usimwachie mkono!"

Alikimbilia kibandani huku ameinama. Karatasi za meza zilikuwa zimetawanyika sakafuni; aliiwahi ya Jumanne kwa mguu, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya sare pamoja na vile vikaratasi saba. Kalamu ilikuwa inapiga ukingo wa juu wa karatasi, inagonga, inarudi, inagonga. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Dakika chache tu za namna hii, mchana huu huu, mahali hapa hapa, shwari ikiwa imeandikwa ubaoni kwa chaki. Mkuu angeweza kubishana na mke wa mtu. Na abishane na hii.

Radi ikapiga. Haikunguruma tena, ilipasua, na kibanda chote kikawa cheupe.

Tausi alitazama dirishani. Bi Asmahani alikuwa bado kando ya nguzo, mahali walipomwacha. Kanga moja ilikuwa kichwani. Ya pili ilikuwa mikononi mwake, imekunjuliwa, inapepea. Kioo kilikuwa mbele yake, wazi, kimejaa mwanga. Alikuwa amekigeukia. Akikifunika sasa, mstari utalala.

Kutoka pale Tausi asingeweza kumfikia kwa wakati. Asingesikika hata akiita.

Radi ilipiga mara ya pili. Mama yule alipiga magoti. Kanga aliivuta akajifunika mwenyewe, uso na mabega, akainamisha paji la uso hadi ardhini, akatetemeka hivyo chini ya jicho lile lililo wazi.

Tausi aligeukia mashine. Kalamu ilikuwa bado inaandika.